Mwenyekiti Juu ya Mlango

Wiki iliyopita tuliachana pabaya, najua, na najua mmenisema. Katibu alikuwa amekata kona saa tatu na robo asubuhi, funguo za ofisi mkononi, akamkuta Mwenyekiti wa chama chake amesimama juu ya kile kipaa cha zege kilicho juu ya mlango, ameshika bisibisi, anakifungua kibao cha bati cha chama ukutani. Skrubu tatu zilikuwa zimeshadondoka chini. Ilibaki moja.

Barua zenu zimenifikia. Wapo mnaosema alipiga mayowe. Wapo mnaosema alizimia. Fundi magari mmoja ameapa kabisa kwamba alimrushia kiatu.

Hapana, jamani. Katibu hakufanya lolote kati ya hayo. Aliishika ngazi aliyopandia Mwenyekiti, akaiondoa ukutani taratibu, akailaza chini kando ya msingi. Halafu akajifuta vumbi kwenye sketi.

"Shemeji," akaita, "habari za asubuhi?"

Bisibisi ikasimama.

Kwa mliojiunga nasi leo, ndiyo, ni shemeji yake kweli. Mwenyekiti ni kaka mkubwa wa mume wake, baba mkubwa wa watoto wake, na siku ya harusi yake ndiye aliyetoa hotuba ndefu mpaka maharusi wakasinzia.

"Shemeji, rudisha ngazi."

"Shemeji, rudisha skrubu."

"Usinitanie mbele ya watu."

"Watu gani? Ungekuwa unataka watu ungekuja saa nne, kama barua ya mkutano inavyosema."

Mwenyekiti akatazama chini, akapima kimo kwa macho. Si parefu sana kwa kijana. Kwa mtu mwenye kitambi kile na magoti yale, ilikuwa safari ya hospitali.

Sasa sikilizeni, maana bila haya hamtaelewa kwa nini watu wazima wanagombania kibao. Siku tisini zilizopita chama kilipigwa kwenye uchaguzi, kikapigwa mpaka wapigaji wakaona aibu. Kilikuwa na viti kumi na saba, kikabaki na kimoja, na huyo wa kimoja amebadilisha namba ya simu. Katibu ni fundi cherehani, ndiyo kazi inayomlisha, na tangu matokeo yatangazwe wateja walikuwa wakija kuchukua nguo zao na kumpa pole kwa sauti ya chini kama mfiwa. Alizichukia zile pole kuliko kushindwa kwenyewe.

"Sijafiwa," alikuwa akiwajibu. "Nimeshindwa. Aliyeshindwa anapumua, mwoneni."

Katiba ya chama inasema hivi: chama kikishindwa uchaguzi, wajumbe wake themanini wakutane ndani ya siku tisini, kabla ya saa sita mchana ya siku ya mwisho. Wakifika arobaini na moja, wao ndio wenye uamuzi. Wasipofika, Mwenyekiti anaamua peke yake.

Siku ya tisini ilikuwa hiyo. Na Mwenyekiti alikuwa ameshaamua. Chama kimezwe na washindi, jina lifutwe, na yeye apewe ofisi yenye kiti cha kuzunguka.

Na kibao je? Waasisi walipoanza walifukuzwa na wenye nyumba sita katika miaka miwili. Walikuwa wanahama wamebeba kibao kichwani. Kwa hasira wakaandika kwenye katiba: mkutano wa chama ni pale kilipo kibao cha chama. Ukikiweka stendi, mkutano uko stendi. Na kisipokuwepo, basi watu wamekusanyika tu kama wanaongoja mvua iishe.

Ndiyo maana mzee mzima alipanda ngazi asubuhi ile. Hakumtuma fundi, kwa sababu mafundi wote wa mtaa ule wana kadi za chama.

"Huyo ni mwanangu au ni bundi?"

Katibu aligeuka. Mama mkwe wake alikuwa amefika, mwavuli mkononi kama fimbo, na nyuma yake Kinyozi, mjumbe mwenye maneno kuliko nywele anazonyoa. Mama Mkwe naye ni mjumbe, tena mwasisi, mmoja wa wale waliobeba kibao kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mpe ngazi mwanangu."

"Mama, nisamehe. Akishuka na kile kibao, chama kimekwisha."

"Na akianguka? Utawaeleza wewe wajukuu zangu kwamba baba yao mkubwa alivunjika kiuno kwa ajili ya bati?"

Miaka kumi na tisa ya ndoa, Katibu hakuwahi kumkatalia mama huyu hata kijiko. Alitamani ardhi ipasuke, na ardhi, kama mjuavyo, haipasuki ukiitaka.

"Akianguka nitamuuguza mimi mwenyewe, mama. Nitamwosha, nitamlisha, mpaka atembee. Lakini ngazi simpi."

Mama Mkwe alimtazama muda mrefu. Kinyozi, ambaye hawezi kuona kimya kikipita bure, akaleta matofali, akayapanga mawili huku, mawili kule, akailaza ngazi juu yake ikawa benchi.

"Mama, kaa hapa. Ngazi haina mwenyewe ikikaliwa."

"Ninakaa kwa sababu miguu inaniuma," akasema Mama Mkwe, akikaa. "Msije mkasema nimewaunga mkono."

"Mama!" Mwenyekiti akalia huko juu.

"Nyamaza. Nani alikupandisha huko?"

Saa nne kamili akafika Afisa wa Msajili wa Vyama, mtu mwembamba mwenye faili jeusi. Hana chama, hana utani, na hata ukimsalimia anatazama kwanza kama salamu ina kifungu. Akainua macho juu ya mlango.

"Wewe ni Mwenyekiti?"

Hapo Mwenyekiti akafanya kosa ambalo mwanasiasa peke yake anaweza kulifanya. Aliulizwa swali dogo, akatoa hotuba.

"Ndiye mimi, Afisa, karibu sana! Si unaona kibao kilivyochakaa? Nikasema mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikishushe kikapakwe rangi, ili mkutano wetu uwe wa heshima!"

"Umekuja kuandaa mkutano."

"Kabisa! Kiongozi ni mtumishi."

Afisa akaandika. Kalamu yake ilitembea polepole, bila haraka yoyote.

Wajumbe wakaanza kufika. Mmoja alikuja na mkono umefungwa plasta. Mwingine alikuja akihema, akasema jana alipata ujumbe kwenye simu kwamba mkutano umeahirishwa, na mke wake ndiye aliyemwambia, "Wakikuambia usiende, ujue kuna kitu." Kinyozi mwenyewe alikuwa amefunga kibanda akamwacha mteja nusu ya kichwa. Mteja alimfuata na shuka la kunyolea shingoni, akasimama ng'ambo ya barabara akisubiri nusu yake.

Kinyozi ndiye aliyekuwa akiita majina. Katibu alikuwa kwenye simu. Saa tano walikuwa thelathini na wawili. Saa tano na robo, thelathini na saba. Alipiga, akabembeleza, akafoka, akamkumbusha mmoja suruali aliyomshonea siku ya mkesha wa harusi yake. Huyo akaja anakimbia.

Namba moja ilikuwa inaita bila kupokelewa. Ya mume wake. Naye ni mjumbe. Asubuhi walikunywa chai pamoja, akasema, "Mimi ugomvi wako na kaka sitaki kuuona," akageukia redio. Katibu alimwelewa. Mtu akiwekwa kati ya kaka na mke anatafuta pa kujificha. Hakumlaumu, alimpigia tu mara sita.

Saa tano na nusu walikuwa arobaini.

Saa tano na dakika thelathini na tano walikuwa arobaini vilevile. Barabara ilikuwa nyeupe mpaka mwisho wake, hakuna mtu anayekuja.

"Arobaini!" Mwenyekiti akapiga kofi moja kwenye paja. "Jamani, mmejitahidi. Nendeni nyumbani mkapumzike. Shemeji, wewe nawe nenda ukashone. Tumeshindwa, tukubali, mtu mzima hukubali."

Damu ikamchemka Katibu mpaka masikioni. Ilikuwa ile ile pole ya wateja, sasa inamshukia kutoka juu. Akainua kichwa amjibu. Akamwona amesimama pale, kibao ubavuni mwake, kivuli chake kimelala juu ya vichwa vya wajumbe.

Akaacha kumjibu. Akamgeukia Afisa.

"Afisa, Mwenyekiti si mjumbe?"

"Ni mjumbe namba moja."

"Na mkutano uko wapi?"

"Kilipo kibao."

"Na Mwenyekiti yuko wapi?"

Afisa akainua macho. Wajumbe arobaini wakainua macho. Kinyozi akaanza kucheka kabla ya wenzake, kama kawaida yake.

"Sikuja mkutanoni mimi!" Mwenyekiti akapaza sauti. "Msinihesabu! Nilikuja... nilikuja..."

"Ulikuja nini, mheshimiwa?" akauliza Kinyozi. "Kutaga?"

Afisa alirudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma bila kubadili sauti. "Mwenyekiti yupo tangu saa nne kamili. Ameeleza kwa hiari yake kwamba amekuja kuandaa mkutano." Akafunga faili. "Arobaini na moja. Mkutano umefunguliwa."

Weee! Ungeona vifijo! Mjumbe mwenye plasta alipiga makofi na plasta yake. Katibu hakushangilia. Alishika ukuta, na miezi mitatu ya kuambiwa pole ilimpanda kifuani yote mara moja.

"Hatujafa," akasema, na hakujua alikuwa anamwambia nani. "Hatujafa, na hafi mtu leo."

Kumbe Mwenyekiti alikuwa hajamaliza. Krii, krii, krii. Skrubu ya nne ikadondoka, ikagonga tofali. Alipogeuka alikuwa amekikumbatia kibao chote, bati la kimo cha mtoto wa miaka kumi, zito, lenye kingo kali.

"Haya! Kiko wapi kibao sasa? Hakipo! Mkutano umekufa!"

Afisa akamtazama kwa utulivu.

"Kipo, mheshimiwa. Umekishika wewe. Katiba haisemi kiwe ukutani. Inasema pale kilipo. Nakushauri usikitikise."

"Basi nitakitupa!"

"Kitupe kimkate mama yako," akasema Mama Mkwe kutoka kwenye benchi lake la ngazi. "Kitupe, nami nitakaa hapa hapa kinipate."

Hakukitupa. Alisimama nalo lile bati, amelikumbatia, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, hana pa kuliweka wala pa kushukia. Aliyetaka kuuvunja mkutano alikuwa ameubeba mikononi.

Ajenda ya kwanza Katibu alikuwa ameiandika kwa mkono wake, na ilikuwa na mstari mmoja tu: Tulishindwa kwa sababu tulianza kuwadanganya watu. Alisimama aisome. Ilikuwa saa sita kasorobo.

Ndipo akamwona mume wake anakuja.

Alikuwa anatembea katikati ya barabara, shati limechomekwa, mkono mmoja mfukoni. Moyo wa Katibu ulifunguka kama dirisha. Amekuja! Alikuwa tayari kumsamehe zile simu sita, na redio, na kila kitu. Alimpungia mkono. Alitabasamu kabisa, jamani, mbele za watu.

Mume hakumpungia. Alimpita kana kwamba ni nguzo, akaenda moja kwa moja kwa Afisa, akatoa bahasha.

"Nimeleta barua ya mke wangu."

"Barua gani, baba watoto?" Katibu akauliza.

Hakumtazama.

Nieleze haraka, maana saa inakwenda. Miaka mitano nyuma wabunge wawili wa chama walihamia upande wa pili na viti vyao. Mwenyekiti akakasirika, akaja na dawa: kila kiongozi aandike barua ya kujiuzulu, aisaini, asiweke tarehe. Akileta ukorofi, tarehe inajazwa, amekwenda. Wote walisaini isipokuwa yeye, akasema mwenye nyumba habishi hodi. Barua zikakaa kwa Katibu. Baada ya uchaguzi, vitu vilipoanza kupotea ofisini, Katibu alizihamishia nyumbani, juu ya kabati la nguo, nyuma ya sanduku. Mtu mmoja tu mwingine duniani alijua zilipo.

Afisa akafungua karatasi. "Najiuzulu ukatibu na uanachama kuanzia tarehe iliyotajwa. Tarehe ni ya jana." Akamwonyesha Katibu. "Hii sahihi ni yako?"

Sahihi ilikuwa yake. Tarehe ilikuwa kwa mwandiko ambao Katibu ameuona miaka kumi na tisa, kwenye kadi za kliniki za watoto na kwenye karatasi alizokuwa akimwachia mezani. Ile saba yenye kimkia. Hakuna mwingine anayeiandika hivyo.

Akapitisha kidole juu ya ile saba.

Kinyozi akamsogelea sikioni. "Kataa. Sema si yako. Nani atajua kabla ya saa sita? Sema imeghushiwa, basi!"

Na ni kweli, nani angejua? Neno moja tu, "si yangu," na chama kinapona. Katibu alitazama karatasi nyingine aliyoishika mkononi, ile ya ajenda. Alikuwa ameuandika ule mstari usiku tatu mfululizo, akiufuta na kuuandika tena, kwa sababu ulimuuma yeye mwenyewe.

"Sahihi ni yangu," akasema.

"Dada!" Kinyozi akalia.

"Ni yangu. Nilisaini kwa mkono wangu, ujinga ule tulisaini wote. Tarehe sikuandika mimi, na aliyeiandika anajijua. Lakini sahihi ni yangu, na leo sianzi chama upya kwa uongo."

Afisa akainamisha kichwa. Nadhani ilikuwa heshima, ingawa kwa mtu yule huwezi kuwa na hakika. "Kwa kanuni zenu wenyewe, barua imepokelewa. Wewe si Katibu, si mjumbe, si mwanachama. Wasio wajumbe ni ng'ambo ya barabara."

"Arobaini!" Mwenyekiti alicheka huko juu mpaka bati likalia mikononi mwake. "Arobaini na dakika kumi na moja zimebaki! Mdogo wangu, Mungu akuweke!"

Katibu akavuka barabara. Alivuka amenyoosha shingo, sketi yake ya kushona mwenyewe imenyooka, na watu walimpisha. Alikwenda kusimama karibu na yule mteja wa nusu kichwa.

"Karibu," akasema mteja, akasogea kidogo.

Kutoka pale alimwona Afisa anahesabu tena kwa kidole. Anahesabu, anasimama, anahesabu. Akamgeukia mume.

"Wewe unaitwa nani kwenye orodha?"

"Mimi nimeleta barua tu."

"Sikuuliza umeleta nini. Ni mjumbe?"

Kinyozi alikuwa ameshafungua daftari, ameshaweka kidole.

"Mjumbe namba hamsini na saba! Huyu hapa! Amesimama chini ya kibao, na kivuli cha kibao kiko usoni mwake!"

"Basi," akasema Afisa, "mmoja ametoka, mmoja ameingia. Arobaini na moja. Mkutano unaendelea."

Ng'ambo ya barabara Katibu alicheka. Alicheka na machozi yakamtoka, hakuyafuta, na akapaza sauti ile ya kufokea wateja wanaochelewa kuchukua nguo.

"Hee! Mlikuja kukizika, mmekiongezea watu! Endeleeni! Pigeni kura! Mimi nipo hapa hapa!"

"Asiye mjumbe asiseme," Afisa akaonya.

"Sisemi! Nashangaa kwa sauti!"

Swali likaulizwa saa sita kasoro dakika nne. Chama kimezwe au kiishi?

"Kimezwe!" Mwenyekiti akapaza sauti.

"Kura ni kwa mkono, mheshimiwa."

Mwenyekiti akatazama mikono yake. Yote miwili ilikuwa imeshika kibao. Akiinua mmoja, bati linaanguka kwa mama yake. Akahangaika, akajaribu kulisukuma kwa kitambi, akashindwa.

"Wanaotaka kimezwe: hakuna," Afisa akaandika. "Wanaotaka kiishi?"

Mikono ikainuka. Plasta ikainuka. Mama Mkwe aliinua mwavuli, akaambiwa mkono, akainua mkono. Na mwishowe, polepole, ukainuka wa mume. Katibu aliuona, akapigwa na butwaa. Mtu aliyeleta barua ya kuua anapiga kura ya kuponya? Wote arobaini.

Swali la pili, Mwenyekiti aondoke kitini? Thelathini na tisa. Mama Mkwe safari hii alikaa na mikono mapajani.

"Mwanangu ni mwanangu," akasema. "Chama nimekipigia. Huyu simpigii."

Thelathini na tisa zilitosha. Awe juu ya mlango au chini yake, aliyekuwa Mwenyekiti hakuwa Mwenyekiti tena, na chama kilichopigwa, kikachekwa, kikapewa pole kwa siku tisini kilikuwa hai saa sita kasoro dakika moja. Watu walikumbatiana barabarani. Walimnyooshea Katibu vidole vya gumba ng'ambo, wakaimba jina la chama kwa sauti ambayo haikusikika hata siku za kampeni. Yeye akaimba nao. Alikuwa ameachwa na kila kitu, na aliimba kwa nguvu kuliko wote.

"Kiti hakikai wazi," Afisa akasema, akiwa ameinua mkono. "Mkutano ukishafunguliwa kwa wakati unaruhusiwa kumalizika. Anayegombea uenyekiti ajitokeze sasa. Awe mjumbe."

Kinyozi alifungua mdomo. Jina la kulitaja alikuwa nalo, kila mtu pale alikuwa nalo, macho yote yalikuwa ng'ambo ya barabara. Kisha akakumbuka, na mdomo ukabaki wazi. Aliyestahili hakuwa hata na kadi.

Nyimbo zikafa. Mjumbe akamtazama mjumbe. Plasta ikashuka.

Mkono mmoja ukainuka, wa shati lililochomekwa vizuri.

"Mimi," akasema mume wa Katibu.

Hakuna aliyepiga makofi. Juu ya mlango, mzee mwenye kibao mikononi aliinama mpaka karibu aanguke, uso umemvimba, na sauti yake ilisikika hadi ng'ambo ya barabara, hadi kwa mwanamke aliyekuwa amesimama na mteja wa nusu kichwa.

"Hatukukubaliana hivyo, wewe! Tulisema umtoe mkeo, kisha kiti kinabaki changu!"

Katibu akavua viatu vyake, akavishika mkono mmoja, akaanza kuvuka barabara.